Maua ya Mvua Zikiisha

Mwezi wa sita, saa moja asubuhi, Sumbawanga ina baridi ya kuvaa makoti. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kiangazi unaovuka uwanda wa Ufipa haukutani na miti mingi ya kuupunguza kasi. Katika baridi hiyo nyuki hawatoki mzingani. Husubiri mpaka jua lipande na kuta za matofali zianze kupata joto. Ikifika saa nne hivi, ndipo mmoja, kisha watano, kisha wengi usioweza kuwahesabu, wanatua kwenye kichaka kilichoota nyuma ya choo cha uani. Ni kichaka cha majani machungu chenye vishada vya maua madogo meupe, na mwenye nyumba amekuwa akijiambia tangu mwezi wa nne kwamba atakifyeka.

Asikifyeke.

Kichaka hicho ni tugutu. Waganda hukiita mululuza, Watongwe wa pwani ya Ziwa Tanganyika hukiita mjonso, na vitabu vya mimea vimekiandika kwa muda mrefu kama Vernonia amygdalina. Ni ndugu wa alizeti. Ukoo wao una spishi zaidi ya 23,000 duniani, na watu wa Rukwa huishi nao kila siku bila kujua kwamba ni ukoo mmoja: alizeti ya shambani, letusi ya sokoni, kishona nguo kinachong'ang'ania suruali ya anayekatisha kichakani, na zinia zinazopandwa mbele ya nyumba. Wamo pia asta, maua ya zambarau, waridi na meupe ambayo Wamarekani wengi huyapanda kwenye bustani zao kwa ajili ya nyuki na vipepeo wa mwisho wa msimu. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya nyota.

Kule Amerika Kaskazini asta za asili huchanua Septemba na Oktoba, wakati maua mengi ya kiangazi chao yamekwisha na baridi kali inakaribia. Vipepeo wa rangi ya chungwa na nyeusi waitwao monarch, wakiwa safarini kwenda kukaa msimu wa baridi katika milima ya Mexico, hunywea humo. Ndiyo maana wapenda bustani wa huko huzihesabu asta kuwa akiba ya mwisho ya chakula kabla ya theluji.

Ufipa haina theluji, lakini ina mwisho wa msimu wake. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili, na mara chache huvuka mpaka Mei. Katika miezi hiyo nyuki hawana shida: maharage, maboga, mahindi na magugu ya kila namna huwapa chakula. Shida huanza nyasi zikishageuka rangi ya majani makavu. Kutoka Juni hadi Agosti shamba limevunwa, bonde limeliwa na ng'ombe, na mtu anayetazama uwanda kutoka kwenye miteremko ya milima ya Mbizi huona rangi moja tu ya kahawia mpaka macho yanapoishia.

Mambo ni tofauti ukiteremka hadi Kipili. Bandari hiyo ndogo ya wilaya ya Nkasi, ambako meli ya Liemba ilizoea kusimama na kupokea abiria kwa mitumbwi, iko kwenye usawa wa ziwa, takriban mita 770, karibu kilomita nzima chini ya Sumbawanga. Kati ya uwanda na ziwa kuna mteremko mkali wenye misitu ya miombo. Miombo ina mizizi mirefu na tabia ya kipekee: mvua zikiwa bado wiki kadhaa, Septemba na Oktoba, huchipua majani mekundu, na mingi huchanua katika kipindi hichohicho. Mwenye mzinga wa gome au wa gogo katika misitu hiyo huyajua majira hayo bila kutazama kalenda. Nyuki wa Kipili wakivumilia miezi michache ya ukame, meza yao hutandikwa na msitu wenyewe.

Huku juu uwandani hakuna msitu wa kutandika meza. Karne nyingi za kilimo, mifugo na moto wa kiangazi zimeacha nyasi. Wafipa walikuwa pia wahunzi mashuhuri. Matanuri yao marefu ya kuyeyushia chuma, malungu, yalizidi kimo cha mtu, na kila tanuri lilitaka mkaa mwingi. Msitu wa Mbizi juu ya Sumbawanga umebaki kama kipande cha nguo iliyochakaa. Mikaratusi iliyopandwa pembezoni mwa barabara na kwenye viwanja vya shule husaidia inapochanua, lakini haitoshi, na haiko kila mahali.

Nyuki wa Afrika huitika njaa kwa namna ambayo nyuki wa Ulaya hawaitiki sana: huhama. Chakula kikikosekana, kundi zima huacha masega, huacha mzinga, likaenda kutafuta pengine. Mfugaji anayeamka Agosti na kukuta mzinga mtupu mara nyingi hulaumu sisimizi, wezi au mganga wa jirani, na ni kweli sisimizi huwafukuza nyuki. Lakini lipo swali la kujiuliza kabla ya kumlaumu yeyote: mwezi uliopita, kwa mwendo wa kilomita mbili kuuzunguka mzinga huo, kulikuwa na ua gani?

Jibu, mahali pengi pa Ufipa, ni maua ya ukoo wa alizeti. Mengi kati ya hayo huanza kupendeza mvua zinapokata, yakaendelea wakati mimea mingine imekwisha kukauka. Na mengi huitwa magugu.

Ili kuelewa kwa nini wadudu wanayapenda hivyo, inatosha kukishika kichwa cha alizeti mkononi na kukitazama kwa karibu. Kile kinachoitwa ua si ua moja. Ni mkusanyiko wa viua vidogo mamia kwa mamia, pengine zaidi ya elfu moja, vilivyobanana kwenye sahani moja. Majani ya manjano yanayozunguka ukingo ni viua visivyozaa, ambavyo kazi yake ni kuita. Viua vya ndani ndivyo vinavyozaa, kila kimoja mbegu moja. Ukichomoa kimoja kwa ncha ya sindano utaona mrija mwembamba wenye meno matano juu, na chini yake mbegu changa nyeupe. Ndani ya mrija, pale chini, mna mbochi, yale maji matamu ambayo nyuki huyageuza asali.

Viua hivyo havifunguki kwa pamoja. Huanza ukingoni na kwenda ndani, duara baada ya duara, kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kila kiua hutoa chavua kwanza. Siku inayofuata ndipo sehemu yake ya kike hutokeza na kugawanyika pande mbili, tayari kupokea chavua iliyotoka kwingine. Kwa hiyo nyuki anayetua hana haja ya kuruka ua hadi ua. Hutembea. Hula kama mtu aliyekaa mbele ya sinia la pilau, akiligeuza taratibu, na kesho anarudi kulikuta limejazwa tena.

Mkulima hupata malipo yake palepale. Alizeti isiyotembelewa na wadudu wa kutosha huwa na mapepe katikati ya kichwa, maganda yasiyo na kiini, na mapepe hayatoi mafuta. Aina za zamani zilizoenea nchini, kama Record, hutegemea sana chavua ya kichwa kingine. Shamba la alizeti linataka nyuki katika wiki zake mbili tatu za kuchanua, lakini nyuki hao wanatakiwa wawe wameishi mahali fulani miezi mingine kumi na moja. Bustani ya nyumbani inaingia hapo.

Wa kwanza kupandwa ni tugutu. Huhitaji kununua mbegu wala kumwomba mtu ruhusa. Kata tawi lililokomaa lenye unene wa kidole gumba na urefu wa sentimita 30, lizike hadi nusu mvua zinapoanza, nalo litatoa mizizi. Vipandikizi kumi vikipangwa kwa mstari kwa hatua moja moja huwa uzio hai ndani ya misimu miwili mitatu. Kuku hawaupiti kirahisi, mbuzi hawaukimbilii kwa uchungu wake, na mvua zikiisha unachanua maua yenye harufu nzuri ambayo nyuki huyafuata kutoka mbali. Huko Ethiopia asali inayotokana na mmea huu hujulikana sokoni kwa jina la mmea wenyewe, girawa, nayo ina uchungu kidogo unaopendwa na wanaoizoea.

Kosa moja tu huharibu kila kitu, nalo ni wakati wa kuupogoa. Watu wengi hukata uzio Mei, baada ya mavuno, nafasi ya kazi inapopatikana. Tugutu iliyokatwa Mei haina maua Juni. Ikatwe mwishoni mwa Septemba, maua yakiwa yameshakauka na miombo ya bondeni imeanza kuwalisha nyuki. Au basi ikatwe nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao.

Mmea huu una historia ambayo watu wa ukanda wa ziwa wana haki ya kujivunia. Kaskazini ya Kipili, kwenye ufuko uleule, ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985 na kujulikana kwa sokwe wake. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akifuatilia sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyerithi elimu ya dawa za asili na aliyefanya kazi katika hifadhi hiyo. Walimwona jike aliyeitwa Chausiku akiwa mgonjwa, mzito, asiye na hamu ya kula. Chausiku alivunja tawi la mjonso, akabandua gome na majani, akatafuna moyo wake mchungu, akanyonya maji na kutema makapi. Seifu aliutambua mmea huo mara moja: kwa Watongwe ni dawa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa na nguvu tena. Taarifa waliyoichapisha wawili hao mwaka 1989 bado hutajwa kila wanasayansi wanapozungumzia wanyama wanaojitibu.

Ndugu mwingine wa ukoo huohuo alikuwa tayari ameingia katika masomo hayo. Ni Aspilia, mmea wa kimo cha kiuno wenye majani yanayokwaruza kama msasa na maua ya manjano kama alizeti ndogo. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika jinsi sokwe wa Gombe na Mahale wanavyomeza majani yake mazimamazima bila kutafuna. Baadaye ilibainika kwamba ukwaruzaji huohuo husaidia kusukuma minyoo nje ya utumbo. Kwa mwenye bustani, Aspilia ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki, unavumilia ukame, na huchanua kwa miezi mingi. Unaota wenyewe kando ya njia. Kuuhamisha ni suala la kuchimba mche mdogo pamoja na udongo wake siku ya mvua.

Kishona nguo nacho hakina budi kutajwa, ingawa hakipendwi na hakikuzaliwa huku; kilitoka Amerika ya kitropiki siku nyingi. Kimeshaenea kote na hakitaondoka. Vipepeo wadogo na nyuki hukitembelea mwaka mzima, na majani yake machanga huliwa kama mboga sehemu nyingi za Afrika. Kukiachia pembe moja ya uwanja kunatosha. Hakuna sababu ya kukipanda.

Alizeti pori, yaani Tithonia, ni jambo gumu zaidi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mvua zikielekea mwisho kichaka chake, ambacho hufikia mita tatu, hufunikwa na maua makubwa ya manjano, na nyuki huvuma humo tangu jua kupata joto hadi jioni. Majani yake yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi na wakulima wa magharibi mwa Kenya, eneo la Maseno, walionyesha kwamba yakikatwa na kufukiwa shambani ni mbolea nzuri. Lakini ni gugu linalovamia. Likiachwa mbegu zikomae, linaziba njia, mifereji na malisho, na mimea ya asili chini yake hukosa mwanga. Aliye nalo tayari mpakani alitumie: maua kwa nyuki, kisha likatwe kabla mbegu hazijakauka, majani yaende shambani. Asiye nalo asilipande. Tugutu na Aspilia zitafanya kazi hiyo bila kumletea vita na jirani.

Mfipa hahitaji somo refu kuhusu magugu yenye faida. Kilimo chake cha asili, ntumba, kimejengwa juu yake. Mvua zikiwa bado zinanyesha na udongo ukiwa laini, mkulima hupindua nyasi na magugu kwa jembe la mkono na kuyafukia ndani ya vilima vya mviringo, yakaoza humo; msimu unaofuata vilima hupasuliwa na kutandazwa, ulezi ukapandwa juu ya rutuba hiyo. Katika elimu hiyo gugu lilikuwa mali tangu zamani. Kinachoongezwa sasa ni hesabu ya wakati tu: mengine yafukiwe Machi, mengine yaachwe kando ya shamba yachanue hadi Julai.

Wapo watakaouliza kuhusu maua ya madukani. Zinia na kosmos, nazo za Mexico na za ukoo huu, ni nzuri na hazivamii kwa kasi ya alizeti pori. Zikimwagiwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi huendelea kiangazi. Tahadhari ni moja. Aina zilizozalishwa ziwe na petali tabaka juu ya tabaka, kama mpira, zimegeuzwa viua vyao vya ndani kuwa mapambo. Nyuki akitua hapo hapati mlango. Chagua zile ambazo kitovu cha manjano kinaonekana wazi.

Mazoea ya usafi yanastahili kuheshimiwa. Uwanja wa nyumba ya Kifipa hufagiliwa mpaka udongo ung'ae, na sababu zake ni za kweli: nyoka wanaonekana, watoto wanacheza, mgeni anaona kwamba nyumba ina watu. Tena uwanja huo mtupu una faida isiyotajwa. Nyuki wengi wa porini hawaishi kwenye mizinga. Jike mmoja huchimba tundu lake ardhini, kwenye udongo mkavu usio na nyasi, na kutagia humo. Matundu madogo yenye kifusi laini pembeni, chini ya ukingo wa paa, mara nyingi ni yao. Kwa hiyo uwanja wa mbele uendelee kufagiliwa. Maua yakae nyuma, kwenye mpaka, kando ya choo, juu ya mfereji, mahali ambapo fagio haliendi.

Woga wa kuumwa nao una msingi, kwa kuwa nyuki wa huku ni wakali. Ukali wao lakini ni wa kulinda nyumba. Nyuki aliye mbali na mzinga, anayekula kwenye ua, huuma akikanyagwa au akibanwa mkononi, si kwa kumwona mtu anapita. Mzinga uwekwe mbali na nyumba na mifugo. Maua yanaweza kukaa karibu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye bomba la dawa. Maharage yenye vidukari yakipigwa dawa saa nne asubuhi, nyuki walioamka kwa jua hilohilo ndio wanaokufa. Ipigwe jioni, nyuki wakisharudi, na isiguse mimea iliyochanua. Hata ile inayoitwa ya asili si salama kwao: pareto inayolimwa Mufindi na Mbeya ni ua la ukoo huuhuu, na sumu iliyo ndani ya vichwa vyake vyeupe huua mbu, nzi na nyuki bila kuchagua.

Agosti kuna moto. Nyasi za uwanda huchomwa kila mwaka, kwa kuwinda, kwa malisho mapya au kwa uzembe, na uzio wa tugutu uliopandwa vizuri unaweza kwenda wote mchana mmoja. Hatua tano za ardhi iliyopaliliwa upande unaotoka upepo hutosha kwa kawaida, nazo zipaliliwe Juni, mapema kuliko jirani yeyote anavyofikiria kushika kiberiti.

Kabla ya hapo, Julai, kuna kazi ndogo ya watoto. Vichwa vya Aspilia vikibadilika kuwa kahawia, kila kimoja hufungwa kipande cha chandarua kikuukuu kwa uzi, kisihifadhiwe kwa nailoni kwa sababu kitaoza kwa jasho lake. Baada ya wiki mbili huchumwa, kikasuguliwa kati ya viganja juu ya ungo, makapi yakapeperushwa. Mbegu zinazobaki, nyeusi na nyembamba, huwekwa kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha majivu, na chupa hutundikwa darini mpaka radi ya kwanza ya Novemba.